Nilikuwa karani wa Sukhilala

Mpenzi msomaji, kama ulikulia enzi za deki na mikanda ya video, hapa nitakuwa nakukumbusha tu. Wewe kijana wa leo ambaye picha nzima inaingia kwenye simu ya mkononi, nivumilie kidogo. Pale kwetu Ifakara, mtaa wa Kibaoni, mwaka 1993 tulikuwa na banda la video lililoezekwa kwa nyasi. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, jenereta lilikuwa linaunguruma nyuma ya ukuta, na ndani tumebanana kwenye mabenchi kama dagaa. Kiingilio shilingi 50. Ukiwa umechacha, mwenye banda alikuwa anapokea hata mpunga: vibaba viwili, mkanda mmoja. Sitaki kukudanganya, mpunga niliokuwa napeleka pale sikuulima mimi, wala mama hakunipa kwa hiari yake.

Basi bwana, ndani ya banda lile ndimo nilimosomea mambo ya kazi na utajiri. Shule nilikwenda pia, tena nikafika Fomu Foo, lakini shuleni walitufundisha kuwa kazi ndiyo msingi wa maendeleo, halafu ukitoka nje unamkuta mwalimu mwenyewe anauza maandazi ili mwezi uishe. Bandani mambo yalikuwa wazi zaidi. Pale ulijua kwa nini kibopa ni kibopa, kapuku ni kapuku, na kwamba staringi hafi. (Kwenye mikanda ya Kihindi staringi hufa, tena sana tu, lakini tulikuwa tunajisahaulisha.)

Mkanda uliotutia wazimu ulikuwa Deewaar, wa mwaka 1975. Amitabh Bachchan ni Vijay, kuli wa bandari ya Bombay. Baba yake alikuwa kiongozi wa wafanyakazi; matajiri wakatishia kuidhuru familia yake, akasaini karatasi ya kuwasaliti wenzake, kisha akaikimbia nyumba kwa aibu. Watu wakamchora mtoto mkononi maneno kwamba baba yake ni mwizi. Vijay anakua, anabeba mizigo, anagoma kuwalipa wahuni wanaokata fungu kwenye ujira wa makuli, anawatwanga, kisha anaingia kwenye magendo na anaukata vibaya sana. Beji yake ya ukuli ilikuwa na namba 786, na beji hiyo ikamkinga na risasi. Wee! Wiki iliyofuata baiskeli kibao za Kibaoni zilikuwa zimeandikwa 786 kwenye madigadi, yangu ikiwemo, na mimi ni Mkatoliki niliyebatizwa na kupata kipaimara.

Kuna mahali Vijay ananunua jumba la ghorofa bila kubembeleza bei. Muuzaji anamshangaa, anamwambia hajui biashara. Vijay anamjibu kwamba mwenye hasara ni muuzaji, kwa kuwa mama yake aliwahi kubeba matofali kwenye ujenzi wa jumba lile na angelilipia hata zaidi. Banda zima lilikuwa linasimama hapo. Lakini mama yake anakataa kuishi ndani ya utajiri wa namna ile, anamfuata mwanawe mwingine, Ravi, askari polisi wa mshahara wa kubana. Hapo palikuwa kimya. Wengine walikuwa wanatoka kwenda kukojoa. Nani alitaka kuwa Ravi?

Mjomba wangu alikuwa anatucheka. Yeye alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge kule Kimamba, Kilosa, miaka ya hamsini, na alisema sinema za kufundisha watu mambo ya pesa zilianza kabla ya huyo Mhindi wenu mrefu. Ni kweli. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha kutengenezea filamu za Waafrika kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Moja ya filamu zao za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaufukia ndani ya nyumba yake, mwizi anachungulia, anakuja kuufukua. Mwenzake aliyepeleka posta, pesa zake salama salimini. Kwisha habari.

Aliyoipenda mjomba ni Muhogo Mchungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliiona usiku kule Kimamba, shuka jeupe limetundikwa, vibarua wamekaa chini. Kwa alivyokuwa akitusimulia, mshamba mmoja anatia timu Dar es Salaam, wajanja wa mjini wanamzunguka, na mwisho anabaki mikono mitupu. Kwa lugha ya vijana, anaingizwa mjini. Na unajua staringi alikuwa nani? Rashidi Mfaume Kawawa! Naam, Simba wa Vita mwenyewe, yule yule aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika mwaka 1955, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Mjomba kila akimsikia Kawawa redioni alikuwa anasema, "Yule mshamba wetu leo anawahutubia wajanja."

Nilicheka kama alivyocheka mjomba. Ilinichukua miaka kujiuliza: mbona kwenye sinema zile mjinga ni maskini mwenyewe? Kafukia pesa, kadanganywa na wajanja, basi shauri yake. Hakuna aliyeuliza mshahara wa kibarua ulikuwa shilingi ngapi na nani aliyeupanga. Mjomba alikata mkonge miaka sita, akarudi Ifakara na sanduku la bati, blanketi moja na kikohozi, na hakuibiwa hata senti. Baada ya uhuru Shirika la Filamu nalo lilitutolea Fimbo ya Mnyonge, miaka ya 1970, ambamo Yombayomba anahangaika mpaka anakuja kupona kwenye kijiji cha ujamaa. Somo limegeuzwa, ila bado ni mwananchi anayeambiwa hakuelewa pa kwenda.

Sasa tuje kwenye mkanda wenyewe uliofanya nishike kalamu.

Mother India ni ya mwaka 1957, kazi ya Mehboob Khan. Umbea kidogo kwanza, maana najua mnaupenda. Nargis, anayecheza Radha tangu bibi harusi hadi ajuza, alikuwa hajafika hata miaka 30. Sunil Dutt anacheza mwanawe, Birju mkorofi. Siku ya kupiga picha ya moto, moto ukawa wa kweli kuliko ulivyopangwa, Nargis akazingirwa, Sunil akajitosa na kumtoa. Mwaka 1958 "mama" na "mwana" wakaoana! Sanjay Dutt mnayemjua ndiye mtoto wao. Na yule adui wa picha, mkopeshaji Sukhilala, alichezwa na Kanhaiyalal, ambaye alikuwa ameshacheza mkopeshaji huyo huyo mwaka 1940 kwenye picha ya kwanza ya Mehboob Khan ya kisa hicho, Aurat. Yaani miaka 17 inapita, mkopeshaji yule yule.

Kisa chenyewe: mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa Sukhilala ili mwanawe aoe kwa heshima. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Mavuno yalipofika, Sukhilala akasema karatasi inampa robo tatu ya mavuno kila mwaka, na hiyo ni riba tu, deni lenyewe liko pale pale. Wazee wa kijiji wakaitazama ile karatasi, wakaona dole, wakakubali. Mume akapondwa mikono yote miwili na jiwe akisafisha shamba jipya, kisha akaondoka kwa aibu. Yakaja mafuriko. Radha akajifunga jembe mabegani akalivuta yeye badala ya ng'ombe.

Krismasi ya 1993 mwenye banda alitenga mchana mmoja kwa ajili ya akina mama na watoto, nikampeleka mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Mfasiri wetu alikuwa kijana mmoja asiyejua Kihindi hata cha kuombea maji. Alikuwa anabuni tu, anamfanya Sukhilala aongee kama mhindi wa duka la vitambaa. Akina mama walicheka mpaka yalipofika mafuriko. Hapo hakuna aliyecheka. Mto Kilombero ukivimba hauhitaji mfasiri. Mama alikuwa analima ng'ambo ya mto, Minepa, na alishawahi kukaa siku mbili juu ya dungu akiangalia maji yakipita juu ya mpunga uliobakiza wiki tatu tu kuvunwa.

Ila lililomkera mama halikuwa mafuriko. Ni wale wazee na karatasi. Alininong'oneza, "Kijiji kizima hakuna hata mtoto mmoja wa kumsomea?" Nikamwambia, "Mama, tulia, hii ni picha tu." Hakumaliza kuiangalia. Alitaka kuwahi pantoni, maana kesho yake alikuwa na kupanda. Kwa hiyo hakumwona Birju akikua, akiingia kwa Sukhilala na bunduki, akichoma madaftari ya madeni. Siku hiyo watoto ndio walioshangilia. Usiku, iliporudiwa kwa ajili ya wanaume, nyasi za paa zilitikisika.

Nilimaliza Fomu Foo mwaka 1995. Januari 1996 nikapata kazi. Tajiri mmoja mnunuzi wa mpunga (jina lake nalihifadhi) alitaka karani mwenye mwandiko mzuri. Mshahara shilingi 12,000 kwa mwezi na ugali wa mchana. Kijiweni washikaji walinipongeza, nimeula. Na kweli nilijiona nimeula: meza, kiti, kalamu mbili na daftari la kurasa mia mbili lenye jalada gumu.

Mwezi wa kwanza bonde la Kilombero lina sura moja. Mvua zimeshika, mpunga ndiyo kwanza kijani, ghalani pamebaki vumbi, ada zinadaiwa, na vibarua wa palizi wanataka hela mkononi. Mpunga wenyewe mpaka mwezi wa tano, wa sita. Hapo ndipo unamwendea tajiri. Anakupa shilingi 5,000, wewe unaahidi gunia moja la mpunga siku ya mavuno. Siku ya mavuno gunia hilo sokoni lilikuwa linakwenda 11,000, na mwenye subira aliyelilaza mpaka Desemba alipata zaidi ya hapo. Hesabu piga mwenyewe. Hakuna aliyeita riba. Iliitwa kusaidiana.

Na gunia lenyewe siyo gunia unalolifikiria. Kwanza debe: kitako chake kimegongwa na nyundo kikatoka tumbo kwa nje. Halafu gunia la debe sita linashindiliwa, linavishwa kilemba, linafungwa kwa kamba hadi linameza debe saba na nusu, nane. Lumbesa. Mpimaji wetu alikuwa anaimba huku akipima, na akifika debe la tano anakohoa, anarudia "nne". Mimi niliandika nilichotajiwa. Ndiyo kazi.

Siku moja ya mwezi wa pili, mvua inanyesha, wateja hakuna, nikavuta madaftari ya zamani kabatini. Nikafunua la 1993. Nikakuta jina la mama yangu.

Januari 1993, gunia tatu, dole gumba. Januari 1994, gunia nne. Pembeni karani aliyenitangulia ameandika kwamba mbili za mwaka uliopita hazikuletwa, hivyo zimekuwa tatu. Januari 1995, gunia tano. Tarehe zote zinafuatana na siku za kufungua shule. Mpenzi msomaji, ile ndiyo ilikuwa ada yangu. Fomu Tuu, Fomu Thrii, Fomu Foo, yote imo mle, kwa dole la wino wa bluu. Na mwisho wa mwezi ule niliponyoosha mkono kupokea mshahara nikapewa 7,000. Nilipouliza, tajiri akaniambia kwa upole kabisa, "Elfu tano nimempunguzia mama yako. Andika." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Jioni nikamuuliza mama kuhusu zile gunia mbili za mwaka 1993. Hakunijibu. Alinishika mkono akaniingiza jikoni, akasogeza kinu. Ukutani, kwenye udongo, kulikuwa na mistari ya mkaa niliyoiona tangu utotoni nikidhani ni michoro ya wadogo zangu. Kila fungu mwaka wake. Mwaka 1993 mistari ilikuwa mitatu. Daftari lilisema moja tu ndiyo imeletwa.

Nisimpake matope sana yule tajiri. Mtoto wa mtu akizidiwa usiku, gari lililogongewa mlango ni lake, na hakuwahi kudai mafuta. Yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa Tandale, Dar es Salaam, na mfanyabiashara ambaye hatukuwahi kumwona. Tulikuwa tunamsikia tu kwa simu ya posta, na siku akipigiwa, bosi wangu alikuwa hali chakula cha mchana. Sukhilala alikuwa na Sukhilala wake. Kwenye picha hiyo haionyeshwi.

Usiku ule funguo za ofisi nilikuwa nazo mimi. Kibatari kilikuwepo. Kiberiti kilikuwepo. Nilikaa mbele ya lile kabati kwa saa nzima nikijiona Birju. Nikwambie ukweli, kilichonizuia siyo hekima. Ni woga. Nilifikiria polisi, nikafikiria mshahara, nikafunga mlango nikaenda kulala.

Nilichofanya kilikuwa kidogo. Nikaanza kukata boksi za sigara na kumwandikia kila mdeni kikaratasi chake: amechukua nini, lini, amerudisha ngapi. Akija kuweka dole, namsomea kwanza kwa sauti. Akileta mpunga, nahesabu debe mimi mwenyewe kwa sauti, na mpimaji akikohoa nasubiri amalize. Mpaka mwezi wa saba nilikuwa nimeandikia familia 14. Mwezi wa nane nikafukuzwa kazi kwa kosa la kutoa siri za ofisi.

Unadhani nilibebwa juu juu mtaani kama staringi? Hata mimi nilidhani. Watu walinishukuru, mmoja akaniletea jogoo. Halafu ikafika Januari 1997. Wale 14 wakaenda kwa tajiri kama kawaida, akawaambia mwaka huu hana hela. Matajiri wengine nao wakawa hawana. Wakaja nyumbani kwetu, wakakaa uani, hawakutukana. Mzee mmoja alisema tu, "Mwanao ametuponza." Walipoondoka nilimsubiri mama anigombeze. Akasema, "Umenisomea vizuri, mwanangu. Sasa nisomee na hili: mwezi huu tunakula nini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka ule alilima nusu ya eneo, palizi akaifanya mwenyewe na wadogo zangu, na wa tatu akaacha shule. Huyo mdogo wangu hajawahi kunilaumu, na ndiyo maana siwezi kumsahau. Ile picha inaisha Sukhilala amekufa na madaftari ni majivu. Januari inayofuata hawaonyeshi.

Mimi nikarudi kwenye baiskeli yangu ya 786, nikawa nabeba abiria kutoka Kibaoni mpaka kivukoni. Hapo ndipo nilipokuja kuielewa picha nyingine ya mwaka 1957, Naya Daur, ya B. R. Chopra. Dilip Kumar anaendesha mkokoteni wa farasi, mtoto wa tajiri analeta basi, wenye mikokoteni wanakaribia kufa njaa, basi wanashindana mbio na mkokoteni unashinda. Naipenda sana ile picha, lakini ni uongo. Kwetu pikipiki zilipokuja baiskeli za abiria zilikwisha bila mbio zozote. Na mwaka 2018 lilipofunguliwa Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, wale waliokuwa wanauza kambale na chapati kwenye foleni ya pantoni waliamka asubuhi hakuna foleni. Nani angetaka daraja lisijengwe? Pantoni ilishaua watu. Lakini akina mama wale wa chapati hakuna aliyewapigia hesabu.

Akina mama wa Minepa ndio waliokuja kufanya jambo, tena bila staringi. Baada ya mavuno ya 1997 mama na wenzake kumi walikubaliana kila mmoja aweke gunia moja kwenye nyumba ya mmoja wao, lisiguswe mpaka Januari. Kama mchezo wa kupeana hela, ila kwa mpunga. Mwaka wa kwanza panya walikula, na mume wa mmoja akauza gunia mbili akazimalizia kilabuni. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaja zikazoa karibu kila kitu bondeni, wakarudi kwa tajiri kichwa chini. Wakaanza tena. Serikali ilipotunga sheria ya stakabadhi za maghala mwaka 2005 na redio ikaeleza namna mkulima anavyoweza kuhifadhi mazao ghalani akasubiri bei, mama alisema, "Hawa wametuona wapi?"

Sasa kuna jambo nimelizungusha tangu mwanzo, bora niliseme. Mimi leo nanunua mpunga. Usishangae. Nina ghala dogo Ifakara, na Januari watu hunijia. Natumia mizani, lumbesa sitaki kuiona, kila mtu anapata nakala yake. Lakini bei tunayopatana ni ya Januari na mpunga ninaoupokea ni wa Juni, na tofauti ya hapo katikati inakwenda mfukoni mwangu. Nalipia shule za watoto kwa tofauti hiyo. Kuna siku najiambia ni gharama ya kusubiri, maana mto ukivimba hasara ni yangu pia. Kuna siku maneno hayo hayanishuki kooni.

Desemba iliyopita nilimwekea mama Mother India kwenye simu, nikaiegemeza kwenye sufuria uani. Ana miaka zaidi ya sabini na hakuwahi kuuona mwisho wake. Tukaangalia mpaka Birju anapomteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, na Radha, mama yake mzazi, anampiga risasi. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Rudisha pale kwenye karatasi."

Nikarudisha. Akawatazama wale wazee, akalitazama lile dole. Akaniuliza, "Na daftari lako liko wapi?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaingia ndani nikalileta, jalada gumu, kurasa mia mbili. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipapasa, kisha akamwita binti yangu wa darasa la tano aliyekuwa anageuza mpunga juani.

"Njoo umsomee bibi. Anzia mwanzo, na usiruke jina."

Mtoto akajifuta mikono kwenye gauni, akakaa, akafunua ukurasa wa kwanza.